Mashine ya Kusaga na Mtoto Mwenye Mzio wa Karanga

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hatulifikirii tunapojitwika debe la mahindi kwenda mashineni. Mashine ya kusaga ni ya watu wote. Asubuhi inasaga mahindi ya huyu, mchana mtama wa yule, na jioni unga wa lishe wa kikundi cha akina mama, wenye mahindi, soya, karanga, ufuta na pengine dagaa. Kwa watu wengi mchanganyiko huo hauna neno. Unga wa jirani ukiingia kidogo katika unga wako, hasara yake ni kuona unga umebadilika rangi kidogo. Lakini wapo watoto, na watu wazima pia, ambao chembe za karanga zilizobaki ndani ya mashine zinaweza kuwaletea ugonjwa wa ghafla, na hata kuwaondolea uhai.

Watu hao si wengi, lakini wapo, na mashine nyingi zinazowasagia ni za zamani. Zimeungwa, zimezibwa, zimepigwa viraka, na kuzisafisha ni kazi. Hata hivyo kazi hiyo inawezekana, na haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kujua uchafu unakaa wapi, na kufuata utaratibu.

MZIO NI NINI?

Mzio, au aleji kama wengi tunavyosema, ni kosa la askari wa mwili. Miili yetu ina askari wanaopigana na vijidudu vya maradhi. Kwa baadhi ya watu askari hao huiona protini ya chakula fulani kuwa ni adui. Mara ya kwanza wanaiweka akilini tu. Mara nyingine chakula hicho kinapoliwa, hata kidogo sana, askari hukurupuka wote kwa pamoja na kumwaga kemikali katika damu. Kemikali hizo ndizo zinazoleta mwasho, uvimbe, kubanwa na pumzi na kushuka kwa presha.

Jambo hili lilielezwa vizuri mwaka 1902 na wataalamu wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier. Waliwapa mbwa sumu ya mnyama mdogo wa baharini. Mbwa waliopona dozi ya kwanza walipewa dozi ndogo sana majuma kadhaa baadaye, nao waliugua ghafla na kufa. Hali hiyo waliiita anafilaksia, na Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Somo lake kwetu ni hili: katika mzio, kiasi kidogo si kinga. Mtu hawezi kusema, "Ni kidogo tu, hakitamdhuru."

Vyakula vinavyoleta mzio mara nyingi zaidi ni karanga, maziwa, mayai, samaki, kamba na kaa, ngano, soya, ufuta, pamoja na korosho na jamii yake. Ukivitazama vizuri utaona kwamba kadhaa kati ya hivyo hupita katika mashine zetu za kusaga. Humu nitazungumzia karanga zaidi, kwa kuwa ndizo zinazojulikana sana kwa kuleta mzio mkali, lakini usafi ni uleule kwa soya, ufuta, ngano na dagaa.

Yafaa pia tuelewe mzio si nini. Mzio si sumu, maana chakula chenyewe ni kizuri na ndugu zake mtoto wanakila bila shida. Si ugonjwa wa kuambukiza. Wala si kurogwa, ingawa kwa jinsi unavyokuja ghafla wapo wanaodhani hivyo na kupoteza muda ambao ungemwokoa mgonjwa.

DALILI ZAKE

Dalili huanza upesi, mara nyingi katika dakika chache baada ya kula, na kwa kawaida kabla ya saa mbili kupita. Mtoto anaweza kupata:

- vipele vinavyovimba na kuwasha, kama mtu aliyeguswa na upupu;
- uvimbe wa midomo, macho, uso au ulimi;
- kutapika, tumbo kunyonga, au kuharisha;
- kikohozi cha ghafla, sauti kukauka, kifua kulia kama filimbi, kupumua kwa shida;
- kulegea, kizunguzungu, kuwa baridi, au kuzimia.

Dalili mbili za mwisho ndizo za hatari kubwa kuliko zote. Mtoto anaweza kuzipata hata kama hana kipele kimoja. Kwa hiyo msingoje vipele ndipo muamini.

MASHINE INAINGIAJE?

Wodini kwetu alipata kuletwa mtoto wa miaka mitatu, midomo imevimba na kifua kinalia. Mama yake alikuwa akijua tangu zamani kwamba mtoto huyo haelewani na karanga, na nyumbani mwake hazikuingia. Siku hiyo mtoto alikunywa uji wa mahindi matupu. Tulimpa huduma, akapata nafuu. Tulipomwuliza mama juu ya unga, alisema umetoka mashineni asubuhi ile ile, na aliyemtangulia kwenye foleni alikuwa na ndoo mbili za lishe. Msagaji hakuwa mzembe. Alikuwa amefagia mdomo wa mashine kwa ufagio, kama afanyavyo kwa kila mteja. Lakini mdomo wa mashine ni sehemu ndogo tu ya njia ya unga.

Hebu tuifuate njia hiyo. Nafaka huingia mdomoni juu, ikashuka katika chumba cha chuma ambamo nyundo huzunguka kwa kasi na kuipasua. Kikishasagika, hupita katika chekeche, yaani lile bamba la chuma lenye matundu. Kutoka hapo hupulizwa katika bomba mpaka kwenye pipa la juu, ambamo unga huzunguka na kutua, kisha hushuka katika mfuko wa kitambaa na kuingia ndooni mwako. Katika kila kituo cha safari hiyo kuna unga unaobaki.

Unga wa karanga hubaki zaidi ya mwingine kwa sababu ya mafuta. Katika kilo moja ya karanga, karibu nusu kilo ni mafuta, na karibu robo kilo ni protini. Wasagaji wanajua kwamba karanga peke yake huziba chekeche, ndiyo maana huchanganywa na mahindi. Mafuta yale hushika chuma kama gundi, na protini inayoleta mzio imo ndani yake. Mahindi yanayofuata huubandua utando huo kidogo kidogo na kuondoka nao.

Tupige hesabu. Tuseme zimebaki gramu 100 tu za karanga ndani ya mashine, yaani konzi chache, na baadaye zikasagwa kilo 20 za mahindi. Hata kama zimechanganyika sawasawa, kila gramu 100 za unga zitakuwa na nusu gramu ya karanga. Kikombe cha uji kilichopikwa kwa gramu 30 za unga kitakuwa na miligramu 35 hivi za protini ya karanga. Je, hizo ni nyingi? Wataalamu waliokutanishwa na FAO na WHO mwaka 2021 waliweka kipimo cha miligramu 2 za protini ya karanga. Kwa kiasi hicho, kati ya watu 100 wenye mzio wa karanga, 5 hivi tayari wanaweza kuonyesha dalili. Kikombe chetu kimepita kipimo hicho zaidi ya mara kumi na tano.

Tena hazichanganyiki sawasawa. Unga unaotoka kwanza ndio unaobeba karanga nyingi zaidi. Kwa hiyo anayefuata mara moja baada ya lishe ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko wote.

MOTO NA DAWA HAVITOSHI

Wengi hujifariji kwa kusema kwamba uji huchemshwa. Kuchemsha huua vijidudu, lakini protini ya karanga si kijidudu, na kuchemsha uji hakuiondoi. Hata karanga zilizokaangwa bado zinaleta mzio.

Wengine hutegemea dawa za klorini au dawa za kupaka mikononi. Hizo ni kwa ajili ya vijidudu. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya majaribio waliyofanya juu ya mikono iliyoshika karanga. Waliponawa kwa sabuni na maji, protini ya karanga haikuonekana tena. Waliponawa kwa maji matupu, mikono 3 kati ya 12 ilikuwa bado nayo. Walipotumia dawa ya kuua vijidudu isiyohitaji maji, ilibaki kwa mikono 6 kati ya 12. Kwa hiyo tusitazamie kuua karanga kwa dawa. Karanga inatakiwa iondoke mahali pale, kwa kukwangua, kupiga brashi, kufuta na kuosha.

KWA NINI MASHINE KUUKUU NI NGUMU ZAIDI?

Mashine mpya ina chuma laini na pembe chache. Mashine kuukuu ina kutu, na kutu ina vishimo vidogo vinavyoshika unga. Ina viungo vya kulehemu vyenye mabonde na vilima. Ina mabamba yaliyowekwa juu ya matundu ya zamani, na katikati ya bamba na ukuta pana nafasi ambayo brashi haifiki. Ina boliti zilizoshikana kwa kutu, hivyo mlango wa chumba cha nyundo haujafunguliwa kwa muda mrefu. Bomba lake limebonyea, na kila mbonyeo ni bakuli dogo la kuhifadhi unga. Mara nyingine kuna ubao, gunia au kipande cha mpira wa baiskeli kilichotumika kuziba mahali panapovuja. Vitu hivyo hunywa mafuta, wala havisafishiki.

Kwa hiyo usafi wa mashine kuukuu huanzia kwa fundi. Lainisha boliti ili mlango ufunguke. Badilisha ubao na gunia kwa bamba la chuma. Piga msasa sehemu zenye kutu. Sawazisha viungo vya kulehemu kwa tupa. Kazi hiyo hufanywa mara moja, na baada yake kusafisha kila juma kunakuwa kwepesi.

Kwa wanaonunua mashine iliyokwisha kutumika, waulize ilikuwa ikisaga nini. Mashine iliyosaga chakula cha kuku au cha ng'ombe imepitisha mashudu, soya na dagaa, na pengine madawa ya mifugo. Hiyo ifunguliwe yote na kusafishwa kabla haijasaga chakula cha binadamu.

JINSI YA KUSAFISHA

Maelezo haya ni kwa ajili ya msagaji na kamati ya mashine. Yakatwe na kubandikwa ukutani kama inafaa.

1. Zima injini na uondoe mkanda. Kama ni ya umeme, zima swichi kuu. Ngoja nyundo zisimame kabisa. Vidole vingi vimepotea kwa haraka ya dakika moja.

2. Ondoa unga wa wateja ulio karibu, au uufunike. Jifunge kitambaa puani na mdomoni, kwani vumbi la unga huleta pumu kwa wasagaji. Usitumie kibatari wala mshumaa. Vumbi la unga likiwa jingi hewani huweza kulipuka.

3. Anzia juu kwenda chini. Gonga bomba na pipa kwa nyundo ya mti ili unga ulioganda udondoke. Kisha piga brashi mdomo wa mashine.

4. Fungua chumba cha nyundo na utoe chekeche. Kwangua utando wa mafuta kwa kipande cha mti au plastiki ngumu. Piga brashi kila nyundo, kuzunguka kila boliti, kwenye ekseli, na katika pembe za mlango. Hapa ndipo karanga hujificha zaidi.

5. Pitisha brashi yenye mpini mrefu katika bomba. Kama huna, funga kitambaa kigumu kwenye ufito na ukisukume mpaka kitoke upande wa pili.

6. Vitu vinavyotoka, kama chekeche na kipande cha mdomo, vioshe nje kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukisugua. Usianze na maji ya moto sana, kwa sababu protini huganda na kushika chuma. Suuza, kisha anika juani mpaka vikauke kabisa.

7. Usimwage maji ndani ya mashine. Unga uliolowa hugeuka ugali katika pembe usizoziona, ukaota ukungu, na chuma kikala kutu zaidi. Kwa sehemu zisizotoka tumia kitambaa chenye maji ya sabuni kilichokamuliwa vizuri, halafu kitambaa chenye maji safi, halafu kikavu. Acha mlango wazi mpaka pakauke.

8. Usipulize kwa pampu ya upepo. Upepo hauondoi unga. Unauhamisha tu, ukaingia katika pembe nyingine na katika ndoo za watu.

9. Badilisha mfuko wa kitambaa. Mfuko uliopitisha lishe una karanga katika kila uzi. Kuwe na mifuko miwili ya rangi mbili, mmoja wa nafaka na mmoja wa lishe, na kila mmoja ufuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Kama uwezo upo, kuwe na machekeche mawili pia.

10. Kagua kwa tochi. Kisha futa kwa kitambaa cheupe safi sehemu ulizokwisha kusafisha. Kikitoka na rangi au mafuta, rudia. Ufagie sakafu mwisho, uoshe brashi, na unawe mikono kwa sabuni.

11. Rudisha kila kitu mahali pake, kisha pitisha mahindi safi ili yakokote chembe zilizobakia. Kiasi chake hutegemea ukubwa wa mashine. Yatoshe kupita njia yote mpaka mfukoni, si konzi moja. Unga huo utengwe katika ndoo yenye alama. Hautupwi: utachanganywa katika lishe ya safari ijayo, au watapewa mifugo.

Viwanda vikubwa vya chakula navyo hufanya hivyo hivyo kwa mitambo isiyotakiwa kuguswa na maji, ila wao wana vipimo vya kuonyesha kama protini imebaki. Sisi hatuna vipimo hivyo mashineni. Ndiyo maana hatuwezi kumwambia mzazi kwamba mashine haina karanga hata chembe. Tunaweza kumwambia ukweli: imesafishwa lini, na imesaga nini tangu hapo.

SIKU YA LISHE

Najua msagaji atasema, "Sista, nikifungua mashine kila baada ya ndoo ya lishe, nitasaga saa ngapi? Na dizeli ya kupitisha mahindi ya bure nani analipa?" Ana haki. Dawa yake ni kupanga kazi.

Chagueni siku moja ya juma iwe siku ya lishe, na ndani ya siku hiyo lishe isagwe mwisho, baada ya nafaka zote. Mathalani, Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri. Baada ya ndoo ya mwisho, mashine isafishwe kama nilivyoeleza. Jumatatu asubuhi inaanza ikiwa safi, na wa kwanza katika foleni wawe wenye watoto wenye mzio. Kwa njia hiyo usafi mkubwa unafanyika mara moja kwa juma, si mara sita. Gharama yake inaweza kugawanywa kwa kuongeza kidogo bei ya kusaga lishe, na vikundi vingi vya akina mama vitakubali vikielezwa sababu.

Bandikeni pia tangazo fupi la maandishi makubwa: "Mashine hii husaga pia karanga, soya, ufuta na dagaa. Mwenye mzio aulize kabla ya kusaga." Na karibu nalo kuwe na daftari la kuandika siku na saa ya kusafisha. Daftari humsaidia mteja, na humlinda msagaji pia.

Kama mtaa wenu una mashine mbili, njia bora kuliko zote ni kupatana moja isiguse lishe kabisa.

KWA WAZAZI WENYE MTOTO MWENYE MZIO

Kwanza, hakikisheni. Si kila upele ni mzio, wala si kila kuharisha. Mpelekeni mtoto hospitali, mweleze alikula nini na dalili zilianza baada ya muda gani. Msimjaribu nyumbani kwa kumpa karanga kidogo "ili tuone".

Ikiwa ni kweli ana mzio mkali, kwake yeye usafi wa mashine ya wote hautoshi. Unga wake utwangwe nyumbani katika kinu chake mwenyewe, au usagwe kwa mashine ndogo ya mkono ambayo haijaguswa na karanga. Msiazime kinu cha jirani. Mti una nyufa na hunywa mafuta, na kinu kilichotwanga karanga kwa miaka hakisafishiki hata ukikisugua. Hali kadhalika mwiko wa mti na ungo. Sufuria na vijiko vya chuma havina shida vikioshwa kwa sabuni.

Unga wa dukani someni maandishi yote ya pakiti, hasa pale panapoandikwa kwamba kiwanda hicho husaga pia karanga au soya.

Wengine wajulishwe. Mwalimu ajue, kwa sababu ya uji wa shule. Bibi na shangazi wajue, maana wao ndio wenye huruma ya kumpa mtoto kashata. Katika sherehe za jumuiya, mpishi aulizwe kabla mtoto hajapakuliwa. Mboga nyingi za majani huungwa kwa karanga. Si kujivuna wala kuchagua chakula.

AKIPATWA GHAFLA

Dawa inayookoa maisha ni sindano ya adrenalini, ambayo hupigwa katika msuli wa paja, kwa nje. Imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu. Ulizeni sasa, kabla ya shida, ni zahanati au kituo gani cha karibu kinacho dawa hiyo, na hata usiku.

Mkiona kupumua kwa shida, sauti kukauka, au mtoto kulegea, ondokeni mara moja. Mlazeni chali miguu ikiinuliwa. Ikiwa anapumua kwa shida, aketi akiegemezwa. Asisimamishwe wala kutembezwa, abebwe. Akitapika, mlazeni ubavu. Msimpe maziwa, mafuta wala mkaa wa kunywa, na msimlazimishe kutapika. Vidonge vya kuzuia mwasho kama Piriton hupunguza vipele, lakini havifungui pumzi wala kupandisha presha. Msivitegemee mkabaki nyumbani. Akifika, semeni maneno haya kwanza: "Ana mzio wa karanga." Hata akipata nafuu, kubalini abaki kuangaliwa, kwani dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa.

MSIWANYIME WENGINE KARANGA

Naomba asiwepo mama atakayesoma ukurasa huu akaacha kutia karanga katika uji wa mwanawe. Karanga ni chakula cha kujenga mwili, chenye bei ambayo familia nyingi zinaimudu, na watoto wengi wanazihitaji.

Tena kuzikimbia bila sababu kunaweza kuleta mzio wenyewe. Mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa Uingereza juu ya watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari ya kupata mzio. Nusu yao walipewa vyakula vya karanga tangu kabla ya kutimiza mwaka mmoja, nusu walinyimwa. Walipofika miaka mitano, kati ya walionyimwa karibu 17 katika kila 100 walikuwa na mzio wa karanga; kati ya waliopewa, karibu 3 tu. Kwa hiyo mtoto anapoanza kulikizwa baada ya miezi sita, apewe karanga zilizosagwa laini ndani ya uji. Karanga nzima asipewe mtoto chini ya miaka mitano, kwani humpalia. Mtoto mwenye ukurutu mkali au mzio wa mayai aonwe na daktari kwanza.

Lishe iendelee kusagwa, na mashine iendelee kuwa ya wote. Safari ijayo ukifika mashineni, kabla hujamimina mahindi yako, muulize msagaji maswali mawili: amesaga nini mwisho, na mashine ilifunguliwa lini. Uliza kwa heshima, hata kama nyumbani kwako hakuna mwenye mzio. Aliye nyuma yako kwenye foleni huenda anaye.